Kufufua gari la spoti la bodi ya faiba ukiwa nyumbani Nyanda za Juu Kusini

Kabla hujashika msasa, lala chini ya gari na tochi. Bodi ya faiba haishiki kutu, na hilo ndilo linalowapumbaza wengi. Wanaona bodi imesimama, rangi tu ndiyo imechakaa, wanadhani kazi iliyobaki ni kupiga rangi na kuingia barabarani. Chini ya bodi hiyo kuna chesisi ya chuma, kuna mabomba ya breki, kuna bolti zilizokaa kwenye unyevu miaka na miaka. Huko ndiko gari linakofia.

Mimi ni fundi faiba hapa Uyole, Mbeya. Kazi inayonilisha ni nyuso za mabasi: barabara ya TANZAM inapita karibu na gereji yetu, na basi likigongana na lori kwenye mteremko wa Inyala, bampa na shoo yake vinaletwa kwetu vipande vipande ndani ya viroba. Gari ninalolieleza hapa ni langu mwenyewe, Lotus Elan nililolikuta kwenye banda la shamba la chai upande wa Tukuyu, limefunikwa turubai, kuku wametagia kiti cha dereva. Mzee aliyeniuzia aliachiwa na bosi wake wa zamani aliyerudi Uingereza. Lakini haya nitakayosema yanafaa pia kwa Corvette, TVR, Alpine A110, hata zile bagi za ufukweni zinazokaa juu ya chesisi ya Volkswagen.

Elan zilitengenezwa kuanzia 1962 hadi 1973. Kabla yake Lotus walitoa Elite mwaka 1957, na ile bodi yake ya faiba yenyewe ndiyo iliyobeba injini na magurudumu. Kwenye Elan walirudi kwenye chuma: uti wa mgongo mmoja katikati ya gari, unaoachana panda mbele na nyuma. Gari zima lina uzito unaokaribia kilo 700 tu. Ukijua hivyo utaelewa kwa nini nasema uanze chini. Chuma chenyewe ni bati jembamba lililokunjwa na kuchomelewa, halina unene wa chesisi ya Land Rover, kwa hiyo kutu haihitaji muda mrefu kulimaliza.

Pale mbele, kiungo kinachoshika upande wa kulia na wa kushoto ni boksi tupu ndani. Waliolibuni gari walilitumia boksi hilo kama tangi la kuhifadhi nguvu ya kufyonza hewa kutoka kwenye injini, na nguvu hiyo ndiyo inayoinua taa kubwa. Maji yakiingia humo hayana pa kutokea. Tukuyu ni kati ya sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote nchini, na gari lililolala huko uanze kulikagua hapo hapo. Chukua bisibisi yenye ncha na nyundo ndogo. Gonga polepole, sikiliza. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti ya kufa, na ukikichoma ncha inazama. Gonga tena pale miguu ya mbele inapoungana na panda, kisha nyuma pale springi zinaposimama.

Ukikuta kutu imekula sehemu inayoshika gurudumu, msimamo wangu ni mmoja: usiweke kiraka. Chesisi mpya za Elan, zilizochovywa zinki, bado zinatengenezwa Uingereza, na ingawa usafirishaji unauma, bei yake ni ndogo kuliko gurudumu kuchomoka ukiwa kwenye mteremko wa Kitonga. Kama kutu iko sehemu isiyobeba mzigo, fundi mzuri wa kuchomelea anaweza kukata na kuunga, ila bodi iwe imeshatolewa. Kamwe usichomelee bodi ikiwa juu. Faiba ya poliesta inashika moto, inatoa moshi mweusi mzito, na haizimiki kwa ndoo ya maji uliyoiweka pembeni.

Kutoa bodi ni kazi ya subira kuliko nguvu. Bolti zake zinaingia kwenye vipande vya chuma vilivyozikwa ndani ya faiba. Ukilazimisha bolti iliyoshika kutu, kile kipande kinazunguka ndani ya faiba na kuitafuna, na hapo umejiongezea kazi mpya. Zipake mafuta ya kulainisha kutu jioni, rudia kesho yake, rudia tena. Isiyokubali, kata kichwa chake kwa grainda kidogo kidogo. Kabla ya kuinua, fungua shafti ya usukani, waya, mabomba ya breki na ya mafuta, kebo, halafu kaza vipande vya mbao ndani ya matundu ya milango ili bodi isijikunje, maana bila chesisi inalegea. Vijana wanne wanatosha kuibeba. Iweke juu ya mataili ya zamani au vitanda vya mbao vinavyoishika sehemu nyingi. Ikikaa wiki kadhaa imeegemea pembe mbili tu, itachukua umbo hilo na milango haitafunga tena.

Sasa tuje kwenye faiba, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wanapoibiwa fedha zao. Kila ufa una mama yake. Fundi anayeona ufa na moja kwa moja anachukua puti ya kujazia, huyo anakupambia gari la mwezi mmoja. Ufa wenye umbo la nyota, mistari inayotawanyika kutoka nukta moja, umetokana na pigo kutoka ndani, mara nyingi jiwe lililorushwa na tairi. Mistari inayokwenda sambamba kwenye kona ya mlango inasema bodi inajikunja mahali hapo, pengine kwa sababu bolti ya kuishika kwenye chesisi imelegea au haipo. Ufa unaozunguka bolti ni wa mtu aliyekaza kupita kiasi bila washa pana. Ufa karibu na bawaba ya mlango, jaribu kwanza bawaba yenyewe: ikiwa imekauka, kila ukifungua mlango unaivunja faiba kwa mkono wako. Tibu mama kwanza, halafu mtoto.

Kisha chukua sarafu ya shilingi 200 uigonge bodi yote, kila kiganja cha mkono. Mahali palipoachana tabaka patatoa sauti butu. Weka alama kwa chaki. Geuza bodi uangalie mgongo wake kwenye mwanga, maana ufa mwembamba nje unaweza kuwa mpasuko mpana ndani.

Rangi ya zamani iondoe kwa msasa namba 80 na kwa wembe mpana ulioshikwa kwa kulala. Dawa za kuyeyusha rangi zinazotumika kwenye bati zinakula pia resini, ile gundi inayoshika nyuzi za faiba. Kupiga mchanga kwa kompresa kunafungua vitundu maelfu kwenye jelikoti, lile tabaka laini la nje la faiba. Ni kazi ya polepole na inachosha mabega, lakini hakuna njia ya mkato niliyoiona ikafanikiwa.

Vumbi la faiba ni kioo. Vaa barakoa nzuri ya vumbi, miwani, mikono mirefu iliyofungwa kwa tepu kwenye glovu. Ukimaliza jioni oga kwanza kwa maji ya baridi, hata kama ni Juni na mlima Loleza umevaa ukungu. Maji ya moto yanafungua ngozi na vile vimiba vinaingia. Usichanganye nguo hizo na za watoto kwenye kufua.

Kuziba ufa kunakwenda hivi. Toboa tundu la milimita 3 kila mwisho wa ufa, ili usiendelee kutembea. Upande wa ndani, saga kwa grainda hadi upate mteremko mpana unaoshuka kuelekea ufa. Bodi yenye unene wa milimita 3 inataka mteremko wa sentimita 4 hadi 5 kila upande. Mshiko wote uko kwenye mteremko huo. Kiraka kilichobandikwa juu ya faiba isiyosagwa kitabanduka hata kama resini ni ya bei gani. Futa kwa asetoni, acha ikauke. Kata mati (mkeka wa nyuzi za kioo) ya gramu 450 kwa mita ya mraba vipande vitatu, kila kimoja kidogo kuliko kilichotangulia. Mimi huanza na kikubwa, ili tabaka la kwanza lishike faiba ya zamani yote niliyoisaga. Tabaka moja la mati hiyo linakupa takriban milimita moja, kwa hiyo matatu yanarudisha unene wa kwanza. Paka resini, laza mati, igonge kwa brashi fupi hadi iwe kama imeyeyuka na povu jeupe lote limetoka. Kwa uzito, resini iwe kama mara mbili hadi mbili na nusu ya mati. Ikizidi sana kiraka kinakuwa kigumu lakini kinavunjika upesi.

Hadina, yaani dawa ya kugandisha resini, ipime kwa bomba la sindano, usipime kwa jicho. Kwa kilo moja ya resini ya poliesta ni mililita 10 hadi 20. Kwa gramu 200, ambazo ndizo ninazochanganya kwa wakati mmoja, mililita 3 zinatosha siku ya joto la kawaida, na unakuwa na dakika 15 hadi 20 kabla haijaanza kuganda. Ukinunua resini isiyochanganywa kobalti (dawa ya kuharakisha kuganda) na ukauziwa kobalti pembeni, koroga kobalti kwenye resini kwanza, ndipo hadina. Kobalti na hadina zikikutana zenyewe zinalipuka. Na tone la hadina likiingia jichoni linaweza kulipofusha, kwa hiyo miwani haivuliwi hata kwa dakika. Likiingia, osha kwa maji mengi yanayotiririka robo saa nzima, kisha nenda hospitali.

Mtu wa Dar es Salaam akisoma maelezo ya kwenye kopo yanamfaa. Sisi huku tuna bosi mwingine, naye ni hali ya hewa. Resini ya poliesta inapenda nyuzi 20 hadi 25. Chini ya 15 inasuasua, na usiku wa Juni na Julai hapa Mbeya unashuka chini ya 10. Makete na Njombe ni zaidi ya hapo. Kiraka kilichoganda nusu kitabaki kinanata, na kuongeza hadina mara mbili hakukiponyi. Miezi yetu ni Septemba na Oktoba: kumekauka, jua limerudi, mvua za Novemba hazijafika. Ukilazimika kufanya kazi Julai, fanya saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, weka kopo la resini ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu kabla ya kutia hadina, na elekeza taa kubwa ya umeme kwenye kiraka. Jiko la mkaa lisiingie kabisa. Najua ndilo linalotupasha joto majumbani, lakini mvuke wa resini na asetoni unafuata moto mwenyewe.

Msimu wa mvua tumia kwa injini na waya. Faiba iliyolala kwenye unyevu imekunywa maji, nayo yatatoka siku ya jua kali kama vipele chini ya rangi mpya. Bodi yangu niliiacha uchi, bila rangi, chini ya paa lenye upepo, kiangazi chote. Na viraka vipya pia vinaendelea kusinyaa kwa wiki kadhaa baada ya kuganda. Viweke juani mchana, virudishe ndani, ndipo uvinyooshe.

Mahali pa kuungia panapobeba mzigo, kama kwenye bawaba au mkanda wa usalama, natumia epoksi, resini ya aina nyingine, na kitambaa cha faiba kilichofumwa. Epoksi inashika faiba ya zamani kuliko poliesta. Ila mati ya kawaida haifai nayo, kwa sababu gundi inayoshika nyuzi za mati inayeyushwa na poliesta tu, na jelikoti ya poliesta haishiki vizuri juu ya epoksi. Chagua moja kwa kila sehemu, uimalize nayo.

Kwa kipande kilichokosekana kabisa, tengeneza ukungu, yaani kalibu ambayo ndani yake utalaza kipande kipya. Mdomo wa mbele wa gari langu ulikuwa umevunjika upande wa kushoto. Niliujenga upya kwa udongo, nikafuatisha upande wa kulia kwa kipimo cha kadibodi. Udongo alinipa mama mmoja mfinyanzi wa Ikombe, kule Matema, ambako Wakisi wanafinyanga vyungu vinavyosifika Kyela yote. Ni laini, hauna punje, unakubali kisu. Udongo mbichi unaizuia resini kuganda, kwa hiyo uufunike wote kwa tepu pana ya kufungia maboksi, uinyooshe isiwe na mikunjo, upake nta mara kadhaa, kisha uweke jelikoti na matabaka manne ya mati. Yale maboksi meupe mepesi yanayokuja na televisheni usiyatumie kama umbo la ndani, poliesta inayayeyusha mbele ya macho yako.

Mabadiliko ya mwonekano nayafanya kwa njia hiyohiyo ya ukungu. Ukitaka kupanua mabawa kwa ajili ya tairi pana, au kuweka pua ya hewa kwenye boneti, tengeneza kipande cha kufunga kwa skrubu juu ya bodi nzima. Bodi yenyewe usiikate. Gari kama hili likishakatwa, anayekuja baada yako hana pa kurudia, na mimi naliheshimu umbo lililochorwa na Ron Hickman kuliko tairi yoyote. Tairi za 155 za rimu ya 13 zinalitosha, na hapa Mwanjelwa zinapatikana.

Waya zina kanuni yake. Kwenye gari la bati, bodi ndiyo njia ya umeme kurudi kwenye betri. Faiba haipitishi umeme, kwa hiyo kila taa, kila honi, kila geji, hata tangi la mafuta kwa ajili ya geji yake, lazima iwe na waya wake wa eathi unaorudi kwenye chesisi au betri. Taa hafifu, indiketa zinazowaka zote kwa pamoja, geji inayoruka ukiwasha taa: tisa kati ya kumi ni eathi. Mimi niliondoa waya zote za zamani, nikatandika mpya zenye eathi moja kuu nene kutoka mbele hadi nyuma, nikaongeza masanduku mawili ya fyuzi. Jenereta ya zamani nikaibadilisha kwa oltaneta, na mahali pa pointi za kuwashia injini nikaweka mfumo wa elektroniki. Hayo ni mabadiliko yasiyoonekana na yanayolifanya gari litumike kila siku.

Injini ya sentimita za ujazo 1,558 ina pampu ya maji iliyojengwa ndani ya kifuniko cha mbele, si kitu cha kufungua bolti nne ukabadilisha. Mkanda wa feni ukikazwa sana unaua beringi yake. Weka feni ya umeme kwenye redieta, acha mkanda uwe na ulegevu wa sentimita moja na kidogo. Kumbuka pia kwamba kwenye mwinuko wa Mbeya, karibu mita 1,700, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo kifuniko cha redieta kisichoshika presha kitakuumiza mapema kuliko kingemuumiza mtu wa Tanga.

Mwinuko huohuo unagusa kabureta. Hewa yetu ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya pwani, na kabureta ya Weber iliyopangwa kwa ajili ya Uingereza itameza petroli kupita kiasi hapa: plagi nyeusi, moshi, injini nzito. Shusha jeti kuu (kitundu kinachopitisha petroli) namba moja, kwa mfano kutoka 115 hadi 110, endesha, toa plagi, soma rangi yake, tafuta kahawia ya kawaida. Lakini ukishuka Kyela, ambako ni kama mita 500 tu, hewa inakuwa nzito tena na injini itakuwa na petroli pungufu, inapata joto. Beba jeti za zamani kwenye dashibodi na bisibisi yake. Mipira yote ya mafuta badilisha, hata inayoonekana nzima, na funga kizima moto mahali mkono wako unafika ukiwa umeketi.

Rangi ni ya mwisho, na ni fupi ukiwa umetenda haki huko nyuma. Puti isizidi milimita 3. Praima, msasa 400, kisha 800 kwa maji. Rangi ya 2K, ile inayochanganywa na hadina yake, piga asubuhi umande ukishakauka na upepo wa vumbi haujaamka, ukiwa na barakoa ya kemikali yenye vichujio vipya, maana hadina yake inaharibu mapafu kwa kudumu. Ukipeleka kwenye oveni, mwambie fundi asipitishe nyuzi 60. Rangi nyeusi na zile za giza zinavuta jua, na nyuzi za mati zitajichora juu yake baada ya muda. Langu ni jeupe. Ukibadilisha rangi au injini, peleka taarifa TRA, mamlaka ya mapato, kadi ya gari irekebishwe kabla trafiki hajakuuliza.

Ukirudisha bodi kwenye chesisi, weka raba mpya kila inapogusana na chuma, washa pana kwenye kila bolti, na kaza kwa mzunguko, kidogo kidogo, pande zote. Endesha polepole hadi Igawilo na kurudi, acha gari lipoe, halafu pitia bolti zote tena kwa mkono. Fanya hivyo tena baada ya kilomita 500, ukiwa na tochi, na angalia kila kona ya mlango kama kuna mstari mpya.